Bodi ya shule inataka nembo mpya, kaulimbiu na programu ya simu. Tuanzie wapi, tuache nini?

Mwl_Ihumwa aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuongoza shule ya msingi au kukaa ofisi ya shule.

Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi wa shule binafsi ya msingi, mchepuo wa Kiingereza, upande wa Ihumwa, si mbali na Mji wa Serikali Mtumba. Tuna watoto 214 kuanzia awali hadi darasa la tano. Wazazi wetu wamechanganyika sana: kuna watumishi waliohamia Dodoma na wizara zao, kuna mafundi ujenzi na vijana wa bodaboda waliofuata kazi za huku, na kuna wenyeji wenye mashamba, waliokuwepo kabla hata lami haijafika.

Bodi imeletewa pendekezo la kuipa shule "sura mpya" kabla ya kuandikisha watoto wa Januari. Ndani yake kuna nembo ya ngao yenye kitabu, mwenge, dunia, mlima na shada la zabibu, jumla rangi tano. Kuna kaulimbiu ya Kiingereza ya maneno kumi na mawili, tovuti, kipeperushi cha kurasa nane, na programu ya simu ambayo kila mzazi ataipakua ili apate matangazo, matokeo na salio la ada. Bajeti tuliyonayo inatosha kama nusu ya hayo.

Mawasiliano kwa sasa yako hivi: kila darasa lina kundi lake la WhatsApp, mhasibu anatuma SMS za ada kwa simu yake, dereva wa gari la shule ana kundi lake, na mimi natuma barua za karatasi. Mzazi mmoja, mama mwenye kibanda cha chakula pale stendi ndogo, alinishika mkono getini akaniambia, "Mwalimu, niambie tu nimsikilize nani." Neno lake halijanitoka.

Ninaamini shule inastahili kuonekana vizuri na kueleweka vizuri, ila sijui pesa kidogo tuliyonayo ianzie wapi. Nisaidieni.

FundiDarizi_Majengo alijibu:

Mwalimu, nasema upande wangu wa mashine tu. Nadarizi sweta za shule hapa karibu na soko la Majengo.

Hiyo nembo ya ngao haitashonwa ikatoka. Nembo ya kifuani kwenye sweta ya mtoto wa awali ina upana wa sentimita sita au saba. Ndani ya hapo utie kitabu, mwenge, dunia, mlima na zabibu? Dunia itakuwa kifundo cha uzi, na maneno kumi na mawili ya kuzungushia chini hayasomeki. Herufi ikiwa fupi kuliko milimita tano, mishono inajaza matundu: "a" na "o" zinafanana. Rangi zile zinazofifia kutoka bluu kwenda nyeupe, zinazopendeza kwenye kioo cha kompyuta, uzi hauwezi.

Chagueni kitu kimoja. Rangi mbili, nikizidisha sana tatu, kwa sababu kila rangi ni kubadilisha uzi na ni muda wa mashine. Na tafadhali, mchoraji akimaliza mdaini faili lenyewe la mchoro, lile linalokuzwa bila kuchakaa. Shule nyingi zinaniletea picha iliyopitishwa WhatsApp mara nne, imepauka, kisha naombwa niigeuze kuwa mishono. Kazi hiyo inalipwa upya kila mnapobadilisha fundi kama faili hamna.

Jambo la mwisho ni vumbi. Upepo wa kuanzia Juni hadi Agosti mnaujua. Nembo yenye uwanja mweupe au maziwa ikifika Agosti imeshakuwa rangi ya udongo wa Ihumwa. Wekeni nyuzi nyepesi juu ya kitambaa cheusi kiasi, bluu ya bahari au kijani cha chupa, itadumu.

KatibuMuhtasi_DOM alijibu:

Mwalimu, hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa. Nimekaa ofisi za shule za msingi hapa Dodoma tangu haijatangazwa jiji, na hilo lilikuwa 2018, kwa hiyo wazazi wa aina zote tatu ulizozitaja nimewapokea mezani kwangu. Nitaandika kwa urefu kwa sababu jambo hili nalipenda.

Pesa ya programu ya simu iacheni kwa mwaka huu. Anzeni na daftari. Namaanisha daftari la walezi, liwe la karatasi au la kompyuta, lenye majibu ya maswali ambayo fomu za kujiunga haziulizi. Fomu zetu zina nafasi ya baba na nafasi ya mama, basi. Mtoto analala kwa nani usiku wa Jumatatu? Baba yuko Dar, mama yuko Kondoa kikazi, mtoto yuko Nzuguni kwa bibi yake mzaa mama. Anayefua sweta ni bibi. Anayeona kwamba daftari la Hisabati limeisha ni bibi. Na namba ya bibi hamna ofisini. Kwa hiyo mwandike: anayeishi na mtoto, namba yake, namba ya mtu wa pili, simu yake ni kitochi au simu janja, asomewe Kiswahili au Kiingereza, au apigiwe tu. Na mwandike nani anaruhusiwa kumchukua mtoto getini. Rudieni zoezi hilo kila Januari na kila Julai, maana laini hubadilishwa na watoto huhamishwa nyumba. Kwa watoto 214, walimu wa madarasa wanamaliza ndani ya wiki moja wakisimama getini asubuhi na jioni.

Pale kwenye "apigiwe tu" msione haya kujaza. Nimekuwa na mabibi wanaosikia Kigogo kuliko Kiswahili. Ukimwandikia, barua inakaa nyuma ya kabati. Ukimpigia, ukaanza na salamu yao ya mbukwenyi, ukamwambia Ijumaa shule inafunga saa sita, mtoto atachukuliwa saa sita kamili.

Sasa njia. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na shule inafungua Januari, yaani katikati ya kilimo. Mwenye shamba Hombolo au Chamwino anashinda huko, wengine wanalala huko huko wakilinda mtama na uwele. Simu inachajiwa akirudi, na bando anaweka akikumbuka. Tangazo la WhatsApp la Jumatano ataliona Jumapili. SMS haihitaji bando, inaingia simu ikiwaka. Kwa hiyo jambo linalomhusu kila mzazi liende kwa SMS kwanza, na WhatsApp ibaki ya picha za kazi za watoto na maelezo marefu kwa wanaoweza.

SMS ina vipimo vyake. Ujumbe mmoja ni herufi 160 pamoja na nafasi. Ukitia vile vipicha vya ua, moyo au mikono ya sala, kipimo kinashuka hadi herufi 70 na tangazo lako moja linahesabiwa na kulipiwa kama mawili au matatu. Hata alama za kunukuu zilizopinda, zile zinazojiweka zenyewe ukinakili kutoka Word, zinaleta hesabu hiyo hiyo. Andikeni wazi namna hii:

"Darasa la 4: Kikao cha wazazi Jumamosi 13 Juni, saa 3 asubuhi, darasani. Leta daftari la Hisabati la mtoto. Swali? Piga namba ya ofisi."

Hiyo inaenea bila wasiwasi na namba yenyewe ya ofisi ikiwekwa mwishoni. Imemtaja anayehusika, siku, saa, mahali na cha kubeba. Salamu ndefu za "Uongozi wa shule unayo furaha kubwa kuwajulisha wazazi na walezi wote" zinakula nafasi yote, tarehe ikaangukia kwenye ujumbe wa pili ambao nao unachelewa.

Ona nimeandika saa 3 asubuhi. Shule za mchepuo wa Kiingereza zinapenda kuandika 9:00. Mzazi mtumishi anaelewa. Mzazi wa kibanda cha chakula anasoma tisa, anakuja saa tisa alasiri, geti limefungwa. Amefunga biashara yake, amevaa kitenge kizuri, amekosa kikao cha mtoto wake. Anarudi akiamini shule ile si ya watu kama yeye. Linaniuma sana jambo hili kwa sababu kulizuia ni bure kabisa: andikeni saa kwa Kiswahili, na neno asubuhi, mchana au jioni mbele yake, hata kwenye barua ya Kiingereza.

Nakuja kwenye nembo, na hapa ndipo mambo mawili yanakutana. Mkichukua huduma ya SMS za pamoja, ujumbe unaweza kutoka kwa jina la shule badala ya namba. Jina hilo haliruhusiwi kuzidi herufi 11. Shule yenu bila shaka ina jina refu lenye maneno manne. Basi kaeni bodi nzima mkubaliane jina fupi la herufi 11 au pungufu, na hilo hilo liandikwe ubavuni mwa gari, kwenye kibao cha njia panda, kwenye sweta na kwenye kila SMS. Jina kamili lililosajiliwa wizarani libaki kwenye barua, stakabadhi na muhuri, pamoja na namba ya usajili. Baraza la Mitihani linatoa matokeo kwa jina la usajili, na mzazi makini anakwenda kuyatafuta huko. Asikute jina ambalo halijawahi kuonekana getini. (Ujumbe unaotoka kwa jina haujibiki, ndiyo maana namba ya ofisi iwe ndani ya ujumbe.)

Kuhusu mchoro wenyewe nakubaliana na fundi. Mimi nina kipimo changu: mpe mtoto wa darasa la pili chaki, mwonyeshe nembo, kisha ifiche. Akiweza kuichora ubaoni ikatambulika, hiyo ni nembo ya shule ya msingi. Shada la zabibu linachorwa. Mbuyu unachorwa, na watoto wa huku wanaujua mbuyu tangu hawajajua kusoma. Halafu ipitisheni kwenye mashine ya fotokopi, nyeusi na nyeupe, mara mbili mfululizo, kwa sababu barua zenu zote zitapita huko. Ikitoka doa jeusi, rudini kwa mchoraji.

Mtu mmoja wa kutuma. Hili ndilo jibu la yule mama aliyekushika mkono. Namba moja ya ofisi, laini ya shule, simu inayolala shuleni. Mhasibu, dereva, matroni, mwalimu wa darasa, wote wanampelekea mtu huyo jambo lao, yeye anaandika na wewe unapitisha. Laini ikiwa ya mwalimu binafsi, siku akihama anahama na wazazi wote. Makundi ya WhatsApp yawekeni wasimamizi pekee ndio wanaotuma. Mzazi mwenye swali anapiga au anaandika ofisini, maana swali la mmoja kuhusu soksi likiingia kwenye kundi la watu arobaini, tangazo la chanjo linazama chini ya michango ya harusi.

Ada isiwekwe kwenye kundi hata siku moja. Niliwahi kuona, katika shule ambayo sitaitaja, orodha ya watoto wanaodaiwa ikiwekwa kwenye kundi la darasa, na asubuhi yake watoto wenyewe walikuwa wanasomeana majina. Mtoto wa miaka minane hana deni na mtu. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inaziweka taarifa za watoto na miamala ya fedha ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Deni anatumiwa mlezi peke yake, kwa lugha ya heshima, pamoja na namba ya kulipia na jina la wa kuzungumza naye kama hali ni ngumu. Picha za watoto za mitandaoni nazo ni hivyo hivyo: idhini ya maandishi ya mzazi kwanza, iwe kwenye fomu ya kujiunga, na aliyekataa aheshimiwe bila kuulizwa sababu.

Kipeperushi cha kurasa nane mimi ningekifanya karatasi moja, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili: ada yote pamoja na michango, saa za kuingia na kutoka, njia za gari, chakula, sare, namba ya ofisi. Mzazi anayelinganisha shule tatu anataka hayo tu.

Mtumishi_Kisasa alijibu:

Shikamoo Mama Katibu. Nimekusoma na nakubali mengi, ila programu ya simu naitetea kidogo. Mimi na mke wangu tuko ofisini Mtumba mpaka jioni. Shule ya watoto wetu ina programu. Naona alama za jaribio, naona salio, nalipa kwa namba ya malipo hapo hapo, sihitaji kumsumbua mhasibu. Kwa wazazi kama sisi imepunguza safari nyingi. Mkisema iachwe kabisa, mnatunyima wengine.

KatibuMuhtasi_DOM alijibu:

Marahaba mwanangu. Sikatai, na hoja yako ya kulipa bila kwenda ofisini ni ya kweli. Ila kwa shule yenye bajeti ya nusu, kitu kinachofika kwa mtumishi peke yake hakiwezi kuwa cha kwanza. Namba ya malipo ya kila mtoto inaweza kuandikwa kwenye SMS ya ada au kwenye stakabadhi ya muhula uliopita, bila programu. Alama za jaribio zinaweza kubandikwa kwenye daftari la mtoto. Daftari la walezi likishakuwa safi kwa mwaka mzima, programu itapata cha kusimamia. Likiwa chafu, programu itatuma makosa kwa haraka zaidi.

Mama_Pacha_Nzuguni alijibu:

Mimi ni mzazi tu, nauza mboga soko la Job Ndugai. Nina mapacha darasa la tatu.

Kinachonisaidia mimi ni kijidaftari cha mawasiliano kinachokaa kwenye begi. Mwalimu anaandika mstari mmoja, "Asha hajamaliza kazi ya nyumbani", au "Kesho waje na fagio." Mimi naweka sahihi jioni. Nikichelewa sokoni, mama mkwe anaweka dole gumba, na mwalimu anajua kimesomwa. Hicho hakiishi chaji.

Na nyie mnaobadilisha nembo, jamani, tufikirieni sisi. Sweta mbili za mapacha nimenunua mwaka huu. Mkitoa nembo mpya Januari mkasema ya zamani isivaliwe, mimi nanunua nne ndani ya mwaka mmoja. Shule ya jirani walifanya hivyo, na wazazi tuliowajua wakahamisha watoto. Kaulimbiu sikumbuki hata moja, nisameheni. Nakumbuka mwalimu wa darasa la kwanza aliyekuwa anawaita wanangu kwa majina bila kuwachanganya.

Mwl_Ihumwa aliandika:

Nawashukuru wote kutoka moyoni. Mama Katibu, shikamoo. Nimeichapisha barua yako yote nikaisoma mbele ya mwalimu mkuu na mwenyekiti wa bodi.

Tumekubaliana hivi. Daftari la walezi linaanza muhula huu, na kijidaftari cha begini kitarudi kwa awali hadi darasa la tatu. Laini ya ofisi imeshanunuliwa. Jina fupi tumelipata, lina herufi tisa. Programu na tovuti tumeziahirisha, mwenyekiti ataliandikia pendekezo lile jibu la heshima. Nembo itakuwa mbuyu, rangi mbili. Mtoto wa darasa la pili aliuchora ubaoni ukatambulika, ingawa aliongeza ndege watatu ambao hawakuwepo.

Yamebaki mawili. Kaulimbiu: mwenyekiti bado anaitaka, nami naomba iwe ya Kiswahili na isizidi maneno matatu, na isishonwe kwenye sweta. Na sweta zenyewe: dada Mama Pacha amenigusa. Fundi, sweta za zamani zinaweza kuwekewa nembo mpya juu ya ile ya zamani, au ni lazima mzazi anunue nyingine?

FundiDarizi_Majengo alijibu:

Inawezekana, Mwalimu. Hatushoni juu ya ya zamani moja kwa moja, itakuwa ngumu kama ubao na itamkwaruza mtoto. Tunashona mbuyu kwenye kipande cha kitambaa, tunakipiga mshono pembeni, kinafunika ile ya zamani. Kipande kiwe kikubwa kuliko nembo ya sasa kwa nusu sentimita kila upande. Mama yeyote mwenye cherehani, au fundi wa mtaani, anaweza kukibandika, shule iwagawie tu vipande. Walio na sweta nzuri bado wavae ile ile mpaka iwabane.

Kwa watoto 214, hesabuni sweta mbili kwa kila mmoja, ongezeni za wageni wa Januari. Nileteeni sweta moja ya sasa ambayo imeshafuliwa, si mpya dukani, nipime rangi ya kitambaa ilivyo baada ya jua. Na lile faili la mchoro, mlete kwenye flashi.

Mama_Pacha_Nzuguni alijibu:

Mimi cherehani ninayo. Wa mtaa wetu waniletee.

Mwl_Ihumwa aliandika:

Jumatatu nakuletea sweta na flashi, fundi. Mama Pacha, nitakupigia kwa namba ya ofisi.